K, P, L: shajara ya kutafuta kilomita 21 bila kuumia, Nakuru

Kabla ya wiki ya kwanza

Mwaka juzi nilivunjika mfupa bila kuanguka. Nilikuwa nakimbia na kikundi chetu cha alfajiri hapa Nakuru, muundi wa mguu wa kushoto ukaanza kuuma, nikaupaka dawa ya kuchua nikaendelea. Wiki ya kwanza uliuma nikishamaliza mbio. Wiki ya pili ukaanza kuuma nikifika kilomita ya tano. Wiki ya tatu uliniuma nikiwa nimesimama tu kibandani nauza viatu, na usiku ukanitoa usingizini. Nilipigwa picha ya eksirei, haikuonyesha kitu. Nikashukuru Mungu, nikarudi barabarani. Wiki tatu baadaye nikapigwa picha nyingine na ufa ukaonekana, mwembamba kama unywele. Daktari alinieleza kwamba ufa mchanga wa aina hii mara nyingi hauonekani mwanzoni. Eksirei huuona mfupa ukishaanza kujiziba. Nikakaa wiki nane bila kukimbia hata hatua moja.

Mwaka jana nilijaribu tena. Wiki ya sita muundi ule ule ukaanza kuwasha kwa ndani, nikaingiwa na hofu, nikaacha kabisa. Hii basi ni mara ya tatu. Lengo ni kilomita 21 kwenye barabara zetu wenyewe. Muda sijauwekea lengo.

Safari hii nimeanza na daftari badala ya viatu. Nimekaa nikajiuliza nilikosea wapi, na jibu halikuwa kwamba sikujua mguu unauma. Nilijua. Nilichokosea ni saa ya kuamua. Nilikuwa naamua nikiwa nimeshafunga kamba za viatu, wenzangu wananingoja kwenye steji, na baada ya kilomita mbili mwili umepata joto na maumivu yamejificha. Mguu wenye joto hausemi ukweli. Kwa hiyo uamuzi nimeuhamisha: utafanyika kitandani na hatua chache kutoka kitandani, kabla sijaongea na mtu yeyote, na utaandikwa kwa herufi moja. K ni kimbia kama ilivyopangwa. P ni pole pole, nusu ya umbali. L ni lala. Herufi ikishaandikwa haifutwi.

Wiki ya 1

Kila asubuhi, kabla ya kuinua kichwa, naweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, simu ikinihesabia muda. Siku saba zimenipa wastani wa mapigo 57. Hicho ndicho kipimo changu mimi. Mwenzangu ninayekimbia naye ana 64 na ananiacha mbali kila siku, kwa hiyo kulinganisha na jirani hakuna faida. Nimejiwekea hivi: yakizidi wastani kwa 5 ni P, yakizidi kwa 10 ni L.

Kipimo cha pili ni hatua kumi za kwanza kuelekea chooni, peku, sakafu ikiwa baridi. Nasikiliza visigino na nyayo. Cha tatu ni kidole gumba: nashuka nacho kwenye muundi kutoka chini ya goti hadi kwenye kifundo, polepole, nikibonyeza. Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) aliyenihudumia mwaka juzi ndiye aliyenifundisha. Maumivu yaliyotandazwa kwenye sehemu ndefu ya ukingo wa ndani wa mfupa ni onyo la kupunguza. Maumivu ya mahali pamoja, ambapo unaweza kuweka ncha ya kidole na kusema ni hapa, ni L, na baada ya L ni hospitali.

Kwa wiki hii: kilomita 18, K tano, L mbili.

Wiki ya 2

Neno moja la viatu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nauza mitumba ya viatu vya michezo na wateja wengi huangalia rangi na jina. Mimi huangalia sponji ya katikati, kati ya soli na mguu. Ikishajaa mikunjo midogo ya kulala, na kidole gumba kikiibonyeza hairudi, kiatu hicho ni cha kuendea kanisani. Nimejichagulia jozi ambayo sponji yake bado inasukuma kidole. Bei yake ilinitia uchungu, maana ningeiuza kwa faida nzuri.

Wiki ya 3, Jumamosi

Nikisoma nilichoandika wiki hii naona hatari ambayo singeiona mwaka juzi: najisikia vizuri kupita kiasi. Pumzi imefunguka, mlima haunikati. Nimeongeza hadi kilomita 27 na leo nilipanda hadi ukingo wa Menengai, mlima wetu wenye shimo kubwa la volkano. Mji wetu uko mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari na kilele cha Menengai kiko mita 2,278, kwa hiyo ni kupanda kwa kweli. Nilifika juu nikiwa na nguvu, nikaangalia kreta lile likitandaa chini, nikahisi ningeweza kupanda tena.

Mwalimu (ni mwalimu mstaafu wa michezo, kikundi chote tunamwita hivyo) aliniuliza niko wiki ya ngapi. Nikamwambia ya tatu.

"Basi mama, hapo ndipo pa kuogopa."

Alinieleza tukiteremka kwa kutembea. Moyo na mapafu hujirekebisha haraka, mfupa na kano huchelewa. Na mfupa una utaratibu wake wa ajabu: ukiupa mzigo mpya, kwanza huja chembe za kula mfupa mzee, ndipo zile za kujenga zifuate nyuma. Kazi ya kula huchukua wiki chache, ya kujenga huchukua miezi. Katikati hapo mfupa una vishimo ambavyo havijazibwa. Yaani wiki ile ile pumzi inapokwambia ongeza, mfupa uko kwenye ukarabati na milango imeng'olewa. Nikahesabu nyuma hadi mwaka juzi. Ufa wangu ulianza wiki ya nne baada ya kuongeza mbio.

Wiki ya 4, Jumatatu asubuhi, nyongeza

Mapaja yote mawili yanauma, nashuka kitandani kama bibi kizee. Haya ni maumivu ya misuli kutokana na kuteremka, maana msuli unaovutwa huku ukijikaza ndio unaochoka zaidi. Nimeyatambua kwa sababu yako pande zote mbili, yalikuja siku ya pili, na yanapungua nikitembea. Kidole kwenye muundi: kimya. Nimeandika P. Kufikia Jumatano yameisha.

Wiki ya 4

Wiki nyepesi, imepangwa hivyo: kilomita 15 tu. Nimechukia kila siku yake. Nitaiweka kila wiki ya nne hata nikijisikia simba.

Wiki ya 5 hadi ya 6

Tumefiwa upande wa mume wangu, tukaenda Kisumu siku nne. Matanga hayana usingizi. Nilikwenda na viatu nikidhani nitakimbia kila alfajiri kuelekea Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na kwa kweli asubuhi moja nilikwenda, ziwa likiwa limetulia na wavuvi wanarudi. Kisumu iko chini, mita kama 1,130, kwa hiyo pumzi ilikuwa ya bure. Lakini joto! Saa moja asubuhi nilikuwa nimelowa. Mapigo ya kuamka yalikuwa 60, 62, 63. Shemeji alinikuta nimevaa viatu siku ya tatu, macho mekundu, akasema, "Shemeji, usiku kucha umepika, asubuhi unakimbia wapi?" Nilikuwa nimeshaandika P lakini sikuwa na jibu la kumpa. Nikavua.

Tangu siku hiyo nimeongeza safu ya usingizi kwenye daftari. Chini ya saa tano, K haipo, hata vipimo vingine viwe safi.

Wiki ya 7, Jumatano hadi Ijumaa

Jumatano mapigo 64. Alhamisi 68. Sikuwa nimekimbia kwa nguvu, nililala kwa saa nane, miguu haina neno. Nikaandika P, halafu L, na nilinung'unika nikiandika kwa sababu nilijiona mzima. Mwalimu aliniambia kwa simu nisitafute sababu, nitii tu.

Ijumaa jioni baridi ikanishika nikiwa kibandani, meno yanagongana jua likiwaka. Nikapimwa: malaria. Sisi wa Nakuru huwa hatuifikirii sana, lakini nilikuwa nimetoka ukanda wa ziwa siku 11 zilizopita, na siku hizo ndizo hasa malaria huchukua kujitokeza. Nimepewa vidonge 24 vya siku tatu, nameza na chakula chenye mafuta ili viingie mwilini vizuri.

Nataka hili likae hapa kwa wino mzito. Moyo ulijua siku mbili kabla ya mimi. Kama ningekuwa naamua barabarani, Alhamisi ningekimbia kilomita nane za kasi na vijidudu kwenye damu.

Wiki ya 8

L, L, L, L, L, L, L.

Wiki ya 9

Jumatatu bado ni L. Jumanne nimetembea dakika 20. Alhamisi 40. Jumamosi nimekimbia dakika moja, nikatembea dakika mbili, mara nane. Mapigo yamerudi 59. Watoto wa mtaa walinipita wakicheka, nikawapungia mkono.

Wiki ya 11, Jumapili

Leo nimevunja amri ya daftari, na naandika ilivyokuwa.

Tangu malaria nimekuwa nikiwaza kilomita nilizopoteza kana kwamba ni deni. Wiki ya kumi nilikimbia 24, wiki hii nikapanga 32. Wenzangu walikuwa na mbio ndefu ya kilomita 15 kuelekea Njoro. Kuanzia Ijumaa kano ya kisigino cha kulia ilikuwa ngumu nikiamka, hatua kumi za kwanza nachechemea, kisha inalegea. Leo asubuhi ilichukua hatua 30 kulegea. Nikaandika P, herufi nzuri kabisa iliyonyooka. Saba na nusu, halafu nirudi kwa boda boda.

Kwenye kilomita ya pili maumivu yaliisha. Tulikuwa tisa, tumebanana, miguu inagonga chini kwa mpigo mmoja, na mtu aliyewahi kukimbia hivyo anajua hakuna kitu kitamu kama hicho. Tulianza pole sana, kama kawaida yetu, mwendo ambao mtu anaweza kupiga soga, na kasi ikapanda yenyewe bila mtu kuamua. Kilomita ya saba na nusu nikaiona ikipita. Nilisema moyoni, mbona haiumi. Nikamaliza zote 15.

Wiki ya 12, Jumatatu

Siwezi kushuka ngazi. Kano imevimba kidogo juu ya kisigino, ukiibana kwa vidole inauma. Kano hutoa jibu la kazi ya leo kesho yake asubuhi. Ndiyo sababu kuiuliza katikati ya mbio ni kupoteza wakati. Nilikuwa nimeliandika hilo ukurasa wa kwanza kwa maneno mengine, na bado nikapita.

Nilimwonyesha Mwalimu daftari. Alisoma ile P, akanyamaza kidogo, akaniuliza nani alikuwa na haraka. Halafu akanisimulia habari za mkimbiaji wetu David Rudisha. Baada ya dhahabu ya Olimpiki ya London 2012 na ile rekodi ya 1:40.91 ya mita 800, goti lilimkatalia mwaka 2013 na mashindano ya dunia ya Moscow yakampita. Akarudi, akachukua dhahabu Beijing 2015, kisha Olimpiki ya Rio 2016. "Huyo alikuwa na dunia nzima inamsubiri," Mwalimu akasema. "Wewe mama unasubiriwa na nani?" Alisema kwa upole, na nililia kidogo.

Wiki ya 12

Nimejifunza tofauti ambayo sikuwa nayo. Mfupa wenye ufa unataka uachwe kabisa. Kano haitaki kulazwa kabisa, maana ikikaa bure inazidi kudhoofika. Inataka mzigo wa polepole unaopimwa. Siku sita sijakimbia, lakini asubuhi na jioni nasimama kwenye ngazi ya nyumba, nyayo nusu hewani, napanda kwa vidole na kushuka kwa kuhesabu hadi nne. Seti tatu za mara 15. Maumivu madogo yanaruhusiwa ilimradi kesho yake asubuhi kano isiwe ngumu kuliko jana. Hatua za kuchechemea: 30, 26, 26, 18, 12, 10.

Wiki ya 12, Alhamisi

Kwa kuwa sikimbii, nimekuwa nikisimama kando nikiwaangalia wenzangu, na nimeona jambo ambalo sikuliona nikiwa katikati yao. Kuna msichana wa miaka 19 kwenye kikundi, mwepesi, mwenye kasi kuliko sisi sote. Anatua mguu wa kulia kama anayekanyaga kaa la moto. Nilimwita kando.

"Unaumwa wapi?"

"Anti, ni kidogo tu, huku juu ya unyayo. Nikikimbia kinapotea."

Nilibonyeza kwa kidole. Aliruka. Mahali pamoja, ncha ya kidole. Nikamuuliza anakula nini kabla na baada ya mazoezi. Chai ya rangi asubuhi, halafu kazini mpaka saa tisa. Nikakusanya ujasiri, nikamuuliza habari za hedhi, maana mimi ni mwanamke na mtu mzima na kama si mimi nani angemuuliza. Alinyamaza, akasema ni mwezi wa nne haijaja, na si mimba. Alidhani ni dalili kwamba mazoezi yanafanya kazi vizuri. Kuna aliyemwambia hivyo.

Si kweli, na nimekasirika kweli kweli na yeyote anayewaambia wasichana hivyo. Mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayoupa hufunga kwanza yale unayoona yanaweza kusubiri, na hedhi ni mojawapo. Homoni zinazokatika hapo ndizo zinazolinda mfupa. Kwa hiyo mfupa unakonda kimya kimya wakati mbio zinaongezeka. Tulikwenda wote hospitali siku ile ile. Amekatazwa kukimbia, atapigwa picha ya pili baada ya wiki mbili, na muuguzi amempangia chakula bila makuu: uji wenye maziwa kabla ya kutoka, mayai au maharagwe, ugali na omena, asipitishe saa nyingi tumbo likiwa tupu.

Nimempa daftari jipya. Nimeongeza safu ambayo yangu haikuwa nayo, ya tarehe za hedhi. Jioni nimeiongeza kwenye langu pia.

Wiki ya 13

Mvua. Matope ya njia ya vumbi yanavuta kisigino, kano haipendi. Nimehamia lami, dakika ishirini ishirini. P zote.

Wiki ya 14

Kilomita 12 bila kuchechemea kesho yake. Picha ya pili ya msichana imeonyesha ufa kwenye mfupa mmoja wa unyayo. Sasa anavaa kiatu kigumu na anakuja kutushikia koti na maji. Amenyamaza sana. Nakaa naye.

Wiki ya 15

Kilomita 16 Jumamosi. Mapigo ya Jumapili 62, ya Jumatatu 57. Sijakimbia hadi Jumanne.

Nimebadilisha njia ya siku ya 21. Nilikuwa nimepanga kwenda moja kwa moja hadi Njoro, lakini njia ya kwenda tu ina mtego wake: ukiumia katikati, nyumbani ni mbali mbele na mbali nyuma, na mtu humaliza kwa sababu hiyo tu. Nimepima mzunguko wa kilomita tatu na nusu mitaa ya Milimani, unaopita karibu na nyumbani kwa Mwalimu. Mara sita, na mita kama mia moja juu yake ili nusu marathoni itimie. Kila mzunguko nitapita kwenye lango ambalo naweza kusimama.

Wiki ya 16, Jumapili

Leo ndiyo ilikuwa siku. Mtoto alikuwa na tumbo la kuendesha usiku kucha, nimelala kwa saa tatu tu. Mapigo 65. Hatua kumi safi, kidole kimya. Wenzangu saba walikuwa wameshajitolea kunisindikiza.

P. Saa kumi na moja alfajiri nikampigia Mwalimu simu. Alisema, "Sawa mama," akakata, akawaambia wengine. Nimekimbia dakika 30 peke yangu saa tatu asubuhi, mtoto akiwa amelala.

Wiki ya 17, Jumapili

Mapigo 57. Usingizi saa saba na nusu. Hatua kumi: mbili za kwanza nzito, nane nyepesi. Kidole kimya. K.

Tulianza saa kumi na mbili kasoro kumi, wanane, pole kiasi kwamba mlinzi wa geti moja alituuliza kama tumeanza au tunamaliza. Msichana alikaa langoni kwa Mwalimu na daftari langu mapajani, nilikuwa nimemwomba aniulize swali moja kila mzunguko, "Unakanyagaje?", na aniangalie miguu badala ya kusikiliza jibu. Mzunguko wa nne alisimama akaangalia kwa makini, kisha akainua mkono niendelee. Wa tano mapaja yaliuma, yote mawili. Wa sita sikumbuki vizuri ila harufu ya mvua kwenye lami na mtu nyuma yangu akihesabu miti.

Kilomita 21.1, saa 2 na dakika 4.

Siku 119 za daftari: K 52, P 27, L 40. Katika hizo 40, kumi ni za malaria, sita za kano ya kisigino, zilizobaki nilizipanga mwenyewe au ziliamuliwa na mapigo ya moyo.

Jumatatu

Mapigo 66. Kano: hatua 14. Kidole gumba kwenye muundi wa kushoto, kutoka goti hadi kifundo, mara mbili: kimya.

L. Msichana anakuja saa nne tupige nakala za kurasa tupu zenye safu za daftari, wenzetu watano wamezitaka.